Kizibo cha Bi Batuli

Mvua ya kwanza ni ya sakafu.

Maneno haya mliyasikia jana kwa shangazi yenu Mwanaharusi, na leo mmenijia na maswali. Kaka yenu Twahiri alipiga simu kutoka Mombasa kumwomba radhi dada yake kwa yale aliyomtendea siku ya msiba wa baba yenu. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakata simu bila kujibu neno. Nyinyi mkamlaumu kwamba ana moyo mgumu. Shangazi yenu hakumtetea wala hakumkemea, alisema tu, "Mwacheni. Mvua ya kwanza ni ya sakafu," akaendelea kuchambua mchele wake. Sasa mnauliza: sakafu gani hiyo, na mvua inahusiana nini na ndugu wawili walionuniana?

Nitawaeleza kama nilivyoelezwa na mama yangu. Yeye alikuwa mtoto wa kunyonya wakati mambo haya yalipotukia, na aliyapokea kwa mama yake, Bi Somoe, ambaye alikuwapo. Methali hii haikutungwa na mshairi wala haikutamkwa barazani. Ilisemwa na mwanamke mmoja, nyuma ya mlango uliofungwa, na asili yake ni hii.

Uwanja ule mnaochezea mpira nyuma ya msikiti wa zamani, ule mgumu usioota nyasi, haukujengwa uwe uwanja. Ile ndiyo sakafu. Hapa Mikokoni, kama mjuavyo, kila kisima kinachochimbwa hutoa maji ya chumvi. Ng'ombe huyanywa kwa kulazimishwa, na mwanadamu huyaogea tu. Maji matamu ya kisiwa hiki yalikuwa ya mvua peke yake. Kwa hiyo wazee wetu walijenga jabia. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakamwaga sakafu pana iliyoinama kidogo upande mmoja, wakaizungushia ukuta mfupi ili mbuzi wasipande. Pale sakafu ilipoinamia walichimba birika chini ya ardhi, wakaliezeka kwa mawe. Mvua iliponyesha, sakafu nzima ilikusanya maji kama kiganja, ikayapeleka birikani. Kila nyumba ilikuwa na masufuria yake uani, lakini sufuria hukinga matone. Jabia hukinga wingu.

Kwenye ncha ya sakafu palikuwa na matundu mawili, na hapa ndipo mnisikilize kwa makini. Tundu la ndani lilishuka birikani. Tundu la nje lilitema maji mchangani, kwenye mashimo ya kaa. Matundu yalikuwa mawili, lakini kizibo kilikuwa kimoja: kipande cha mkoko kilichochongwa na kuzungushiwa usumba wa nazi. Kizibo kilipokaa tundu la ndani, maji yote yalikwenda mchangani. Kilipohamishiwa tundu la nje, maji yaliingia birikani. Waliojenga jabia wangeweza kuchonga vizibo viwili. Walichonga kimoja makusudi, ili atakayekishika alazimike kuamua.

Desturi ilikuwa kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi isiingie birikani. Watu walifagia sakafu, ni kweli, lakini fagio haliwezi kuondoa kilichokaukia ndani ya chokaa: vumbi, kinyesi cha ndege, chumvi ya upepo wa bahari. Hayo huondolewa na maji peke yake. Mtunza jabia alikaa kwenye matundu, akayaacha maji yapite, akayateka kwa kiganja na kuyaonja, akayatema, akaonja tena. Yalipokuwa safi alisema bismillahi na kuhamisha kizibo. Na hakuna aliyekanyaga sakafu ile na viatu, hata kadhi.

Mtunza jabia wa zamani hizo alikuwa Athmani Famau. Alipofariki kwa homa, kizibo kilibaki mikononi mwa mkewe, Bi Batuli, kwa kuwa ndiye aliyekaa naye matunduni miaka yote na ulimi wake ulikwisha jua maji. Hawakujaliwa mtoto. Athmani alikuwa na mdogo wake, Shee, mchoma chokaa, aliyeitengeneza sakafu kila ilipopata ufa. Shee alikuwa mtu mwema, mcheshi, apendaye kusifiwa na watu. Ninawaambia mapema kwamba alikuwa mwema, maana hadithi hii haina mtu mbaya, na huo ndio uzito wake.

Ukaja mwaka ambao vuli ilipita bila mvua na masika yakachelewa. Birika liliteremka mpaka kata ikawa inagonga mawe. Vijana walivuka kwenda bara na mapipa, wakarudi na maji ya matope ambayo watu waligawana kwa vikombe. Mbuzi walibomoa ukuta wa jabia upande wa mashariki, wakawa wanalala sakafuni. Na ndege weupe, waliokosa madimbwi, walifanya makazi yao pale, kwa mamia. Bi Somoe alikuwa amejifungua mama yangu, na maziwa yalianza kumkauka.

Hatimaye, alasiri moja watu wakitoka msikitini, wingu lilisimama juu ya kisiwa na mvua ikanyesha. Watu walikimbilia jabia, wazee na wanawake na watoto, wakajipanga juu ya ukuta wakiwa wamelowa, wanacheka na kulia. Bi Batuli alikuwa amekwisha kaa matunduni. Kizibo kilikuwa tundu la ndani. Maji yalikuja kwa kishindo, rangi ya kahawa, yakapita mbele yake kwenda mchangani.

"Bi Batuli, hamisha kizibo!" mtu mmoja aliita.

"Bado ni machafu," alijibu bila kugeuka.

"Hata machafu ni maji! Tutayachuja!"

"Yakishaingia hayachujiki. Ngojeni."

"Tungoje nini? Wingu likale chakula cha jioni lirudi?"

Watu wakacheka. Mwingine akaongeza, "Njooni mwone! Mtunza maji anawanywesha kaa!" Wakacheka zaidi, kicheko cha watu wenye midomo mikavu, kisichokuwa mbali na hasira.

Bi Somoe aliteremka ukutani na mtoto kifuani, akamsogelea. "Bi Batuli, nitazame mwanao. Sina maziwa. Masufuria yangu hayajajaa hata robo. Lifungulie birika, tafadhali."

Bi Batuli alichota kiganja cha maji, akamnyoshea. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Haya ungemnywesha huyu?"

Lakini Bi Somoe hakukitazama kiganja. Alikuwa anatazama juu, kwa sababu wingu lilikuwa limeanza kuwa jepesi, na upande wa bahari mbingu ilionekana.

Bi Batuli naye aliiona. Alionja, akatema. Alionja, akatema. Mvua ilipungua ikawa manyunyu, na ndipo maji yalipoanza kuwa meupe. Alisema bismillahi, akahamisha kizibo, na wakati huohuo mvua ikakatika. Kilichoingia birikani kilikuwa kidogo kiasi kwamba watu wote walinyamaza wakasikia tone baada ya tone likianguka gizani.

Shee alishuka kutoka ukutani. Alikuja moja kwa moja katikati ya sakafu, na makubadhi yake yakiwa miguuni. Hakuna aliyeona jambo hilo isipokuwa Bi Batuli.

"Nipe kizibo, shemeji."

"Shee, nduguyo alinikabidhi kitu hiki akiwa anakata roho."

"Ndugu yangu hayupo. Hawa wapo." Akaonyesha ukutani. "Nipe."

Bi Batuli aliwatazama watu mmoja mmoja, akitafuta atakayesema neno. Hakupata. Akakitoa kizibo tunduni, akakifuta kwa upande wa leso yake, akampa.

Hakuna aliyetangaza kwamba asisemeshwe. Kama kungekuwa na amri, mtu angeweza kuipinga. Ilikuwa tu kwamba alipotoa salamu, aliyesalimiwa alikuwa ameinama kutafuta kitu mchangani. Hakunyimwa zamu yake ya maji, lakini ndoo yake iliwekwa chini ili aiokote, haikutiwa mkononi. Watoto walimwita Mama Kaa, na mama zao hawakuwakanya.

Bi Somoe alipokuwa mzee, alimwambia mama yangu mambo mawili kuhusu mwaka ule, ambayo aliyajua baadaye kwa kinywa cha Bi Batuli mwenyewe. La kwanza lilikuwa juu ya ukili. Zamani wanawake walikaa pamoja alasiri kusuka, kila mmoja ukanda wake wa miyaa, na kanda zilipotosha waliziunga zikawa mkeka. Bi Batuli aliendelea kusuka peke yake. Ukanda wake ulikuwa mrefu, akauviringa, ukawa mrefu zaidi, akauviringa tena. Lakini ukanda mmoja hauwi mkeka, hata ungezunguka kisiwa. La pili lilikuwa nywele. Mwanamke hawezi kujisuka kisogoni. Kila Ijumaa alijisuka mwenyewe kwa kupapasa, na njia ya nyuma ilikwenda upande kama nyayo za mlevi. Aliijua kwa vidole kwamba imepinda, na hakuwa na mtu wa kumwambia imepinda kiasi gani.

Juma halikuisha tangu alipovuliwa kizibo, mvua ya pili ikanyesha, kubwa, ya usiku na mchana. Shee alikuwa matunduni. Hakuacha tone liende mchangani. Birika likajaa mpaka mdomoni, na maji yalikuwa matamu na maangavu. Watu walimbeba Shee mabegani. "Huyu ndiye mtunza maji!" walisema. "Sio wale wa kunywesha kaa!" Kukapikwa wali, kukapigwa vigoma, na sauti zikafika mpaka kwenye nyumba ya Bi Batuli, ambako hakuna aliyepeleka sahani.

Kesho yake alichota maji yake, akaketi mlangoni, akaonja. Alielewa mara moja. Sakafu ilikuwa imekwisha kuoshwa. Maji aliyoyaacha yaende ndiyo yaliyobeba kinyesi cha ndege na vumbi la kiangazi. Mvua ya Shee ilikuja ikakuta pamesafishwa. Kijiji kizima kilikuwa kinakunywa kazi ya mikono yake na kumshukuru mwingine. Angemweleza nani? Maelezo ya mtu asiyesalimiwa husikika kama kujitetea. Alimeza maji, akayaona matamu, akanyamaza. Kujua jambo peke yako ni upweke mwingine, mzito kuliko ule wa kukosa wageni.

Mwaka ukazunguka. Vuli tena haikuleta kitu cha maana, na ndege weupe wakarudi sakafuni. Wingu la masika liliposimama, watu walijipanga ukutani kama desturi, na Shee akaketi matunduni, kizibo tayari kikiwa tundu la nje. Bi Batuli alikuwa ameazimia kubaki ndani. Lakini aliposikia matone ya kwanza juu ya makuti yake hakuweza; alijitanda leso, akaenda, akasimama nje ya ukuta.

"Shee! Kizibo kiko nje."

"Nakiona, shemeji."

"Iache mvua ioshe kwanza. Ndege wamelala hapo tangu vuli."

"Mwaka jana sikuacha hata tone, na watu wamekunywa mpaka leo. Au umesahau?"

"Mwaka jana sakafu ilikuwa imekwisha kuoshwa."

"Na nani?"

Alikuwa na jibu. Lilifika mpaka kwenye meno. "Na mvua ya kwanza," alisema.

"Ile waliyokunywa kaa?" akadakia mtu kutoka ukutani, na watu wakacheka. Shee naye alicheka, ingawa Bi Somoe alisema kwamba macho yake hayakucheka. Kizibo hakikuhama. Bi Batuli aligeuka, akarudi nyumbani katika mvua, na njia nzima hakukutana na mtu, kwa kuwa watu wote walikuwa jabia.

Siku chache zilipita maji yakaanza kunuka. Wengine walisema ni harufu ya chokaa. Kisha watoto wakaanza kuendesha, na baada yao wazee, na ikawa hakuna nyumba isiyokuwa na mgonjwa. Mama yangu alilegea mikononi mwa mama yake, macho yameingia ndani, hana hata machozi ya kulilia. Bi Somoe alimfunika, akatembea mpaka mlango ambao hakuwa ameubisha mwaka mzima.

"Hodi."

Bi Batuli alieleza baadaye kwamba aliisikia hodi ile akadhani ni ya nyumba ya jirani.

"Hodi, Bi Batuli. Ni Somoe."

Mlango ulifunguka.

"Sikuja kuomba radhi," Bi Somoe alisema. "Sina uso huo. Nimekuja kuomba maji."

"Maji yapo. Ingia."

Kando ya kitanda ilisimama mitungi ya maji ya mwaka uliopita, imefunikwa vizuri. Mtu anayeishi peke yake hutumia maji kidogo. Huo ndio utajiri pekee wa upweke. Bi Batuli aliyachemsha, akayapoza, akampa mtoto kwa ncha ya kijiko, tone baada ya tone, mpaka jua likainama. Mtoto alipofumbua macho na kulia kwa machozi, Bi Somoe naye akaanza kulia, akafungua kinywa ili aseme. Bi Batuli akamzuia. "Mpeleke akalale. Na waambie wenye wagonjwa waje na vyombo vidogo. Vikubwa havitatosha."

Wakaja, na aliwapa wote. Neno hili mlishike: maji hakumnyima mtu, hata siku moja.

Kisha birika likafunguliwa. Ilibidi litolewe maji yote, lisuguliwe kwa chokaa, lingojee mvua nyingine. Wanaume walipanga mstari kutoka asubuhi, ndoo ikipita mkono kwa mkono, na maji yakamwagwa mchangani, mengi kupita yale yaliyomponza Bi Batuli. Kaa walitoka mashimoni. Hakuna aliyefanya mzaha.

Baada ya kazi ile, kundi kubwa lilikwenda nyumbani kwake, Shee akiwa mbele na kizibo mkononi. Walipiga hodi. Bi Batuli alifika mpaka nyuma ya mlango, akaweka mkono juu ya komeo. Alikuwa ameingoja siku ile kwa mwaka mzima; alikuwa amekwisha kuiota, na katika ndoto aliufungua mlango kabla hawajamaliza kubisha. Akangoja aonje kwanza maneno yao.

"Bi Batuli, tumekuja kutaka radhi," alisema mzee mmoja. "Shetani alitupitia."

"Tulikuwa na kiu," alisema mwingine, "na mtu mwenye kiu haulizwi."

"Yaliyopita si ndwele, mama."

"Ila nawe, Bi Batuli," ilidakia sauti ya mwanamke, "lau ungetueleza vizuri siku ile, tungeelewa. Wewe ulisema 'bado, bado' tu."

Mwisho akasema Shee. "Shemeji, mimi nilifanya walilolitaka watu. Hawa wote ni mashahidi. Kizibo chako hiki hapa."

Kisha sauti ya Bi Batuli ikatoka ndani, bila hasira, kama mtu anayesema kazi aliyoizoea.

"Nimewasikia. Mvua ya kwanza ni ya sakafu, shemeji."

Komeo halikufunguka.

Watu walitazamana. Mmoja akanong'ona kwamba ni kiburi. Mwingine akasema amezoea kukaa peke yake, sasa watu wanamchosha. Wakatawanyika wakinung'unika, na mama mmoja akaapa hatarudi tena pale. Upande wa pili wa mlango Bi Batuli alikaa chini, mgongo umeegemea mbao, akisikiliza nyayo zikipungua. Alimwambia Bi Somoe kwamba saa ile ndiyo aliyoogopa kuliko zote. Alijua kinachotokea mtu anapoyaacha maji ya kwanza yaende. Alikwisha kuona wingu likikatika.

Shee alirudi kwenye tanuri lake la chokaa, akaketi. Alikuwa mtu aliyezoea kutengeneza sakafu, na kazi hiyo humfundisha mtu kutofautisha lililo imara na lililopakwa juu. Aliyarudia maneno yote yaliyosemwa mlangoni, lake na ya wenzake. Shetani. Kiu. Watu walitaka. Ungetueleza. Akaona kwamba katika maneno yale yote hapakuwa na hata moja ambalo angethubutu kulinywa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda peke yake. Alipofika kona ya uchochoro alivua makubadhi akayaacha hapo, akatembea pekupeku mpaka mlangoni.

"Shemeji, ni Shee."

Alijua yupo, akaendelea.

"Niliingia sakafuni na viatu. Nilikunyang'anya kizibo mbele ya watu, na nilifanya hivyo nikijua huna wa kukutetea, maana aliyekuwa wa kukutetea ni mimi. Ulinisalimia njiani nikajifanya natafuta kitu. Mvua ya pili ilipoingia ikiwa safi, nilijiuliza imekuwaje, nikaogopa kujijibu, kwa sababu watu walikuwa wamenibeba mabegani." Akavuta pumzi. "Sina jingine."

Komeo likafunguka.

Bi Batuli alisimama mlangoni, amekonda, akamtazama usoni kisha miguuni. Shee alimpa kizibo kwa mikono miwili. Alikipokea, akakigeuza, akakinusa.

"Usumba umeoza," alisema. "Kesho niletee makumbi mapya. Umekula?"

Wengine walikuja baada ya hapo, mmoja mmoja, si kwa kundi, na kila mmoja alibeba lake lililokuwa safi. Wako ambao hawakuja kamwe. Bi Somoe alikuja Ijumaa. Aliketi kitandani, akakosa pa kuanzia, na macho yake yakaangukia kisogo cha Bi Batuli, kwenye ile njia iliyopinda.

"Bi Batuli, nani amekusuka hivi?"

"Nani angenisuka?"

Bi Somoe akainamisha uso. Bi Batuli alinyosha mkono dirishani akachukua chanuo, akampa, akaketi sakafuni mbele yake na kumgeuzia mgongo. Mama yangu, aliyekuwa anajifunza kusimama, alishikilia magoti ya wote wawili. Bi Somoe alifumua nywele zile taratibu, akazisuka upya mpaka njia iliponyooka.

Masika yale yalileta mvua nyingine, kwa rehema ya Mola. Watu walijipanga ukutani, viatu vyao vikiwa vimeachwa mbali, wakayatazama maji ya kwanza yakienda mchangani kwa kaa. Bi Batuli alionja, akatema, akaonja. Sasa kila mtu alitaka kukaa karibu naye, na wakati huo wote alikuwa peke yake bado. Kwa maana ulimi unaoamua ni mmoja, na mwaka aliopotezewa haukurudi. Maji yaliyoingia mchangani hayazoleki, wala alasiri za mtu. Ule ukili wake waliuunga na kanda za wengine, ukatoka mkeka mpana kupita yote kisiwani, ndio uliotandikwa msikitini mpaka ukachakaa. Ulikuwa mkeka mzuri. Lakini kila aliyeujua urefu wa ukanda ule alijua pia umesukwa katika hali gani.

Tangu hapo Mikokoni watu walipokwenda kuomba radhi hawakushangaa kukuta mlango umefungwa siku ya kwanza. Waliulizana njiani, "Mvua ya ngapi hii?" na aliyejua kwamba ni ya kwanza alirudi nyumbani, akaangalia aliyoyasema.

Hivyo msimlaumu dada yenu. Twahiri alisema nini kwenye simu? Mmeniambia wenyewe: kwamba alikuwa na machungu, kwamba hata dada naye ana ulimi, kwamba watu walimchochea. Dada yenu aliyasikia yote mpaka mwisho; hakuziba masikio, ameshika kizibo tu. Anaogopa kuliko mnavyodhani, kwa kuwa hajui kama wingu litarudi. Mpigieni kaka yenu. Msimfundishe la kusema. Mwambieni apige tena, na kwamba huku kwetu mvua ya kwanza ni ya sakafu.